Mwavuli Mmoja kwa Mjomba Drosing

Mawlai, Shillong
Julai, siku ya soko la Iewduh

Mdogo wangu mpendwa Phidalia,

Nianze na wewe kabla ya mambo mengine yote. Kidonda cha upasuaji kimefunga? Maziwa yanatoka? Na huyo mgeni wetu, ambaye mpaka leo nimemwona kwenye simu tu, bado analala amekunja ngumi kama mtu anayedai haki yake? Mbusu kisogoni kwa niaba yangu. Msalimie shemeji Banjop, mwambie zile dawa za presha alizomtumia mke wangu zilifika na anashukuru sana. Sisi huku ni wazima, kama mtu anaweza kuitwa mzima akiwa Mawlai mwezi wa Julai. Nguo tumezianika wiki nzima na bado zinanuka maji. Ukuta wa jiko lako umeota ukungu wa kijani. Nimeufuta, umerudi, nimeufuta tena. Paa halivuji. Paka wa Mjomba amehamia kwa jirani, wala simlaumu.

Juzi ulinipigia simu ukaniuliza swali moja, nami nikakata. Najua ulidhani nimekasirika. Sikukasirika. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu mtu hujibu haraka, na swali lako nikilijibu haraka nitakudanganya. Nimeketi hapa mezani kwako, na chai nyekundu isiyo na sukari, na mvua inapiga bati kiasi kwamba hata nikisema kwa sauti hakuna atakayenisikia.

Uliuliza kama ni kweli kwamba kwenye mazishi ya Mjomba Drosing nilimfukuza mpiga filimbi, nikashika gitaa na kupiga wimbo wangu wa Mwavuli Mmoja mbele ya maiti. Ni kweli. Kong Bina aliyekupa habari hakutia chumvi, ila pale tu aliposema nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimeonja kitu. Najua pia wazee wa ukoo wamekutumia ujumbe kwamba mvua zikikatika, siku ya kuiingiza mifupa ya Mjomba iliyosalia motoni kwenye kaburi la jiwe la ukoo, nisisimame mimi mbele, atafutwe mwingine. Mama hayupo tena, na wewe ndiye binti wa mwisho: nyumba ni yako, ibada za nyumba ni zako, na neno la mwisho ni lako. Mimi ndiye kaka pekee uliyebaki naye, kwa hiyo sasa mimi ndiye mjomba wa nyumba hii, mjomba wa huyo mwenye ngumi. Ukisema nisisimame, sitasimama. Ninachokuomba ni usikate shauri kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho.

Itabidi nirudi nyuma kidogo. Ulipoondoka kwenda kusomea uuguzi, bendi yetu ya Lyer ilikuwa bado bendi ya vijana wenye nywele ndefu. Sasa nywele zilizobaki ni za Sterlin mpiga ngoma peke yake, naye anazipaka rangi. Miaka hii yote tumeishi kwa wimbo mmoja, na wimbo wenyewe unaujua, maana niliutunga hapo nje kwenye banda la kuni, wewe ukiwa mtoto wa shule unanipigia kelele ninyamaze usome. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilimpenda msichana aliyekuwa akiuza soksi Khyndailad. Mvua, mwavuli mmoja, watu wawili, basi la mwisho limeondoka. Mke wangu hutoka chumbani mpaka leo ukipigwa redioni. Mjomba aliposikia mara ya kwanza alisema huo ni wimbo wa kuuzia sabuni. Akaongeza kwamba mwavuli mmoja haufuniki watu wawili, unawalowesha wote. Niliuma meno nikacheka, lakini iliniuma, na sijawahi kumwambia kwamba iliniuma.

Na ndio wimbo uliotulisha. Harusi, maonyesho ya magari, sherehe za vyuo, Krismasi ya Wakristo na ngoma za sisi tusio Wakristo, kote walitaka Mwavuli. Lamphrang, mwimbaji wetu, unamjua: sauti ya kuvunja vioo, kichwa cha kuvunja mawe. Aliuchukia wimbo ule kuliko nyoka. Alitaka tutafute muziki mpya, muziki wa hapa kwetu, usiofanana na wa mtu yeyote. Ndipo tukarekodi ile santuri ya mvua. Tulikwenda Sohra na vinasa sauti tukarekodi mvua juu ya bati, mvua juu ya majani ya migomba, mvua juu ya ndoo, na mara moja mvua juu ya kichwa cha Sterlin, naye hajatusamehe. Lamphrang aliimba juu yake bila maneno. Nakuapia, ilikuwa kazi nzuri. Nakala zake bado ziko kwenye banda lako nyuma ya kuni, na panya wamezisikiliza kuliko binadamu.

Baada ya hapo tulipatana kwa shingo upande. Kila onyesho tulianza na nyimbo mpya za Lamphrang, halafu tukafunga na Mwavuli. Sterlin aliita utaratibu huo dawa na sukari. Shida ni kwamba watu walijua sukari inakuja, basi dawa hawakuinywa. Wimbo wa pili haujaisha wameanza kupiga kelele, "Mwavuli! Mwavuli! Acheni kutuombolezea, tupeni Mwavuli!" Kule Jowai, kwenye harusi, mtu mmoja alirusha mwavuli wa kweli jukwaani ukamgonga Lamphrang sikioni. Tulipokuwa tunakula nyuma ya jiko la harusi ile, alinigeukia mbele ya wapishi akasema mimi ndiye niliyeyafunga maisha yake kwenye mwavuli wa muuza soksi. Nikamjibu kwamba mwavuli huohuo ndio uliowasomesha watoto wake watatu, na kama ameuchoka aurudishe. Hatukusemeshana hadi Mwaka Mpya. Tulikuwa tukipanda jukwaani pamoja, tunapiga, tunainama, tunashuka, kila mtu na njia yake, kama mume na mke wanaoogopa majirani.

Basi ndipo Lamphrang alipomkumbuka Mjomba.

Sina haja ya kukueleza Mjomba alikuwa nani hapa Mawlai. Kila mtu wa dini yetu aliyefariki tangu sisi tuzaliwe, yeye ndiye aliyempigia sharati, filimbi yetu ya msiba, mpaka motoni. Unakumbuka Mama alivyomkataza kuishika filimbi ile ndani ya nyumba yenye watoto. Alikuwa akiiweka juu ya boriti ya banda, na akitaka kufanya mazoezi alikwenda kwenye misonobari, nasi tukijificha tumsikilize huku tumeshikana mikono kwa woga. Sauti ile ilikuwa kama mtu anayelia na hataki kusikika. Sasa Lamphrang akaja na zawadi ya tambuu na popoo, akaketi mbele ya Mjomba kwa adabu zote, akamwomba aje atupigie filimbi hiyo jukwaani. Mimi nilisimama mlangoni nikisubiri kwa hamu fimbo ishuke. Nilikuwa na furaha mbaya, nikijua hatimaye Lamphrang atapata haki yake.

Mjomba alitafuna kidogo, akauliza watu watakuwa wengi kiasi gani. Lamphrang akamwambia uwanja mzima. Mjomba akasema, "Haya, nitakuja. Lakini mje kunichukua na gari, miguu yangu si ya kupandia basi." 

Onyesho la Novemba ile uliliona kwenye simu, lakini simu haikuonyesha yote. Alivaa kilemba chake cha hariri na kizibao alichooa nacho. Lamphrang alikuwa ametunga kiitikio kutokana na maneno yetu ya kumuaga marehemu, "Nenda ukale tambuu nyumbani kwa Mungu." Tulianza polepole, mimi na gitaa chini kabisa, Sterlin na vijiti vilivyofungwa kitambaa. Halafu Mjomba akapuliza. Phidalia, uwanja ule wa watu waliolewa bia ulinyamaza. Nilimwona askari amevua kofia. Wanawake waliinamisha vichwa. Hapakuwa na mtu aliyeutaja Mwavuli. Alipomaliza, makofi yakaanza upande mmoja, yakasambaa, hayakutaka kukoma. Mjomba alisimama pale na filimbi mkononi, hajui kama ainame au aondoke. Lamphrang alikuwa analia. Mimi pia nililia, na siku hiyo nilimsamehe kila kitu.

Laiti tungeishia pale.

Ile video ilisambaa. Hadi Delhi, hadi Bengaluru kwako, hadi kwa watu wasiojua hata Mawlai iko upande gani. Simu zikaanza kuita, na kila aliyeita alitaka "ule wimbo wa tambuu". Tukaupiga kila wiki. Mara ya tatu ama ya nne, mtu akaongeza ngoma chini ya filimbi. Si mtu, ni sisi, ni Sterlin, nami sikumzuia. Lamphrang, yule aliyeapa kufa maskini kuliko kumfurahisha mlevi mmoja, akaanza kugeuzia kipaza sauti kwa watu ili wao wamalizie, "Kale tambuu!" Nao wakamalizia, mikono juu, wanaruka. Kwenye ufunguzi wa duka la pikipiki waliruka. Kwenye kampeni za mheshimiwa mmoja waliruka, naye akaruka nao. Kwenye harusi ya binti wa tajiri mmoja kule Laban, bibi harusi mwenyewe alipanda jukwaani na shela lake akapiga kelele, "Kale tambuu!" na mama zake wakipiga vigelegele. Nilitazama wazee waliokuwa mezani. Walikuwa wanatazama sahani zao. Kuhusu Mwavuli, hakuna aliyeutaja tena. Nilipouanzisha siku moja kwa mazoea, kijana mmoja mbele alipiga miayo.

Ndiyo hivyo dawa ilivyogeuka sukari. Nilimwambia Lamphrang hivyohivyo, akanijibu kwamba nina wivu kwa kuwa safari hii sukari si yangu. Alisema kweli nusu. Nilikuwa na wivu, lakini pia nilikuwa nimesikia maneno tuliyomuagia Mama yakiimbwa na mtu mwenye chupa mkononi, na vitu hivyo viwili havikunizuia kupiga gitaa langu na kula chakula changu baadaye.

Mjomba miezi ya kwanza alikuwa amechangamka mno. Alinunua miwani myeusi Iewduh. Watoto wa mtaani walimwita Mjomba Roki, naye akiwarushia peremende. Akishuka jukwaani kitu cha kwanza kuuliza kilikuwa, "Leo wamepiga makofi kuliko juzi, au masikio yangu?" Sterlin alikuwa akimtania kwamba tutamtafutia mchumba wa Mumbai. Halafu, mwezi wa Machi, aliacha ghafla. Alisema kifua kinambana. Tulimwamini, maana kweli alikuwa anakohoa. Lamphrang hakuhangaika. Alikuwa ameshairekodi filimbi yake, akaitia kwenye kinanda, na tangu siku hiyo kidole kimoja cha kijana wa kinanda ndicho kilichopuliza sharati ya Mjomba, bila pumzi, saa yoyote, noti ileile. Watu hawakuona tofauti. Walishangilia vilevile.

Sasa mazishi. Uliambiwa alifariki asubuhi, amelala, na hilo ni kweli, na nilimfumba macho mimi mwenyewe. Siku ya kumchoma mvua ilikuwa nyingi, kuni zilifunikwa mabati mpaka dakika ya mwisho. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona kwenye msiba wa mtu wa kawaida. Nusu yao walikuwa vijana ambao hawakumjua, wamekuja kumuaga Mjomba Roki, simu zao wamezivalisha mifuko ya plastiki zisilowe. Wazee walikuwa wamemleta mpiga filimbi kijana kutoka Nongkrem, kijana mwema mwenye heshima. Alipoloanisha midomo na kuijaribu filimbi kidogo tu, nilisikia nyuma yangu mtu anaimba chinichini kile kiitikio. Mwingine akamfuata. Simu zikainuka.

Nilimshika yule kijana mkono, nikamwambia aende akanywe chai, kazi imekwisha. Mzee Ksan akanishika bega, "Kitbok, umepatwa na nini wewe? Unataka mjomba wako aende kama mbwa?" Nikamwambia anipe nafasi. Lamphrang alisogea, uso umelowa, akaniuliza kwa upole kabisa kama alete kinanda na spika kutoka garini, ili Mjomba aagwe na sauti yake mwenyewe. Alikusudia mema, najua. Nilichomjibu sitakiandika kwenye meza ya Mama. Nikachukua gitaa kavu kutoka kwenye gari la Sterlin, nikasimama karibu na kuni, nikapiga Mwavuli Mmoja.

Niliupiga taratibu, bila kuimba. Ubeti wa pili niliimba kwa sauti ya chini, ule wa basi la mwisho. Vijana walishusha simu, maana hawakujua kama huo ni mzaha. Mtoto mmoja alimuuliza bibi yake kama hapa kuna harusi. Kong Bina alitema tambuu yake nyekundu karibu na kiatu changu. Wazee walitazama chini. Hakuna aliyeimba nami, hakuna aliyepiga kofi, hakuna aliyesogeza hata mguu. Moto ukawashwa, ukashika, nami nikaweka gitaa chini kwenye tope. Hivyo ndivyo nilivyomzika Mjomba, na ukoo mzima unasema nimemfedhehesha.

Sasa nakuambia nisichowaambia wao. Siku chache kabla hajafariki nilikuja kumnyoa. Unajua hakupenda kufa na ndevu. Alisema Mungu atamdhania mlevi. Alikuwa amekaa hapa jikoni karibu na moto, povu upande mmoja wa uso, na akanishika mkono wenye wembe. Akaniambia kifua chake ni kizima, si kifua kilichomtoa jukwaani. Akaniuliza kama namkumbuka Kong Thei, yule bibi aliyekuwa akiuza popoo njiapanda. Nikasema namkumbuka. Akasema kwamba Machi, Kong Thei alipofariki, alikwenda kumpigia kama alivyowapigia wote. Wajukuu wa marehemu walikuwepo na simu zao. Alipofika kwenye ile sehemu ya juu, ile inayopanda, akaona nyuso zinachangamka. Basi akairudia. Hairudiwi, Phidalia. Ile sehemu hupigwa mara moja, maana ndipo marehemu anapovuka. Akairudia tena, vizuri zaidi, na mtu mmoja akasema, "Kale tambuu!" na mwingine akapiga kofi, moja tu, kisha akajishika. Binti wa Kong Thei akamgeukia Mjomba akamtazama. 

Mjomba akaniambia, na haya ni maneno yake kama alivyoyasema, "Maisha yangu yote nimepiga, na hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Nani apige makofi msibani? Nilidhani sijali. Siku ile uwanjani nikagundua nilikuwa na njaa, Kitbok, njaa ya tangu ujana. Nikala. Na sasa sijui tena kumpigia maiti. Nikipuliza nasikiliza walio hai." Machozi yalikuwa yanapita kwenye povu. Kisha akaniambia nimalize upande wa pili, asikae kama fisi.

Nilipomaliza akaniomba jambo moja. Alisema siku yake isipigwe sharati, si ya kijana yeyote wala ya kinanda, kwa sababu watu wataimba, na yeye hataki kuondoka anashangiliwa. Nikamuuliza tupige nini basi. Akacheka hadi akakohoa. "Piga ule wako wa kuuzia sabuni," akasema. "Nao umeshachuja, hakuna anayeutaka. Na siku ile niliusema vibaya, ulikuwa mzuri." Miaka yote hii nilisubiri neno lile, nikalipata nikiwa nimeshika taulo, nikamfuta povu lililobaki sikioni.

Kwa nini sikuwaambia wazee? Kwa sababu ningelazimika kuwaambia habari za Kong Thei, na Mjomba alikuwa mkuu wa ibada zetu. Niliona bora waniite mimi mhuni. Mpaka hapo, mdogo wangu, ningeweza kutia sahihi na kukuacha unionee huruma, na labda ungewaandikia wazee kwamba kaka yako alifanya haki.

Lakini kuna kijana hakushusha simu. Alirekodi yote, moto, mvua, mimi na gitaa. Wiki iliyopita akaiweka, na sasa inazunguka kama ile ya kwanza. Watu wanaandika kwamba wamelia. Wanasema hawakujua kuwa Mwavuli ni wimbo mzito namna ile. Jumapili Lamphrang alinipigia, sauti yake imejaa heshima ambayo hajanionyesha tangu ujana. Anataka tuurudishe jukwaani Novemba, hivyohivyo, polepole, gitaa moja, na picha ya Mjomba nyuma yetu. Anasema hatimaye tumepata kitu kipya ambacho watu pia wanakipenda, ndicho tulichokitafuta maisha yetu yote. Nilipaswa kumtukana. Nilimwambia nitafikiri. Na tangu siku hiyo nimeifungua ile video kila asubuhi, kabla ya chai. Simtazami Mjomba. Natazama walioiona wameongezeka wangapi.

Ndiyo sababu nilikata simu. Uliposema, "Kaka, nimeiona ile video," kabla hujafika kwenye swali lako, kabla sijamkumbuka Mjomba wala kuni wala mvua, mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa kukuuliza nimepigaje.

Sasa unajua, amua. Filimbi ya Mjomba iko pale pale juu ya boriti ya banda, sijaigusa. Ukija na mtoto, mwoshe kwa maji ya moto siku ya kwanza, baridi ya huku si ya Bengaluru. Kuni kavu nimekuwekea. Mke wangu anakusalimu, Sterlin anakusalimu na anauliza kama kuna rangi nzuri ya nywele huko kwenu. Mimi nakusubiri kwa lolote utakalosema, na nakupenda kama ulivyonijua tangu banda la kuni.

Ni mimi kaka yako,
Kitbok